Mashine Haijafa

Swali la kwanza la fundi mzuri wa kompyuta Lubumbashi ni fupi: "Mama, uliizima?" Mara nyingi jibu ni ndiyo. Laptopu ilikuwa ikisasisha Windows, vidoti vyeupe vikizunguka, hesabu ikapanda hadi asilimia 35 na kukaa hapo. Saa moja ikapita, ya pili ikaingia, na maandishi ya Kifaransa kwenye skrini yakazidi kuomba kompyuta isizimwe. Mwenye mashine akachoka kungoja, akabana kitufe cha kuwashia hadi skrini ikawa nyeusi. Au yeye hakugusa kitu: SNEL, shirika la umeme la taifa, ilikata umeme, na betri iliyochoka siku nyingi ikashindwa kuishikilia mashine hata dakika moja.

Tangu hapo, kila akiwasha anakutana na vidoti vilevile, au skrini ya bluu, au ahadi ya kurudisha mambo yalivyokuwa ambayo haifiki mwisho. Anaitia laptopu mkobani na kuipeleka kwa fundi, iwe katikati ya mji, Kamalondo, Katuba au jirani na kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, akiwa ameshaamua moyoni kwamba imekufa. Kazi ya fundi inaanza kwa kuikataa hukumu hiyo.

Kazi hii haisifiwi inavyostahili. Mji huu umezoea kupima ufundi kwa tani. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, mji wenyewe ukaanza mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na tangu wakati huo heshima imekwenda kwa anayeyeyusha, anayechomelea, anayefunga mota ya mgodini. Fundi wa kompyuta huketi mbele ya meza ndogo yenye bisibisi, brashi ya kutolea vumbi jekundu la kiangazi na flash tatu nne, na sehemu kubwa ya anachokifanya haionekani kwa macho. Anapanga upya maelfu ya faili ambazo mteja hajui hata kama zipo. Ndiyo maana watu hudhani anabahatisha.

Habahatishi. Kusasisha mfumo endeshi ni kubadilisha sehemu za mashine huku mashine yenyewe ikizitumia. Faili inayotumika haibadilishwi hivi hivi. Kwa hiyo Windows hupakua sehemu mpya, huzifungua, huzipanga katika ghala lake la ndani liitwalo WinSxS, kisha huandika orodha ya kazi zitakazofanywa mashine ikizimika na kuwaka tena, saa ambayo programu nyingi bado hazijaamka. Asilimia inayoonekana haipimi muda. Kumi za mwanzo zinaweza kupita kwa dakika mbili, na mbili za mwisho zikala saa nzima, hasa kwenye diski ngumu ya zamani, inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na iliyojaa hadi pomoni.

Umeme ukikatika katikati ya orodha hiyo, mashine huamka ikiwa na sehemu mpya hapa na ya zamani pale. Waliounda mfumo walilifikiria jambo hilo. NTFS, namna ya kupanga faili iliyotoka na Windows NT mwaka 1993, huandika mabadiliko kwenye daftari lake kabla ya kuyatekeleza, na orodha ya kazi hubaki ili ikamilishwe au ifutwe kwa utaratibu. Mara nyingi hilo hufaulu na mwenye kompyuta hajui kama kulikuwa na hatari. Fundi huhitajika pale daftari lenyewe limeharibika, au diski imechoka, au mtu amezima mara ya pili wakati mashine ilikuwa katikati ya kujirudisha.

Kwa hiyo fundi huanza kwa kutazama na kusikiliza. Huichomeka mashine kwenye umeme unaoaminika, hutegea sikio upande ulio na diski, hukodolea kitaa chake kidogo. Kikimetameta bila mpangilio, kazi inaendelea na dawa yake ni kuiacha. Kisha hubonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi: taa yake ikiwaka na kuzimika kila anapobonyeza, kiini cha mfumo kingali hai na kinasikia, hata kama picha kwenye skrini imeganda. Isipojibu, na kitaa cha diski kikakaa kimya kwa muda mrefu, hapo ndipo anakubali kwamba imekwama kweli. Mlio wa tik, tik, tik wenye mapigo sawa humfanya azime papo hapo, maana hiyo ni diski inayokufa, na kila dakika ya ziada inakula kazi ya mtu. Huchomoa pia kila kisichohitajika: modemu, kebo ya printa, diski ya nje. Kifaa kimoja cha pembeni chenye draiva mbovu kinatosha kuzuia sasisho zima.

Wayeyusha shaba wa Katanga ya kale, wale ambao misalaba yao midogo ilikuja kuchorwa mitatu kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960, hawakuweza kuharakisha tanuri. Subira ya fundi huyu ni ya ukoo huo.

Umeme ndio unaomjaribu zaidi. Laini ya umeme ya kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, ilijengwa ili kulisha migodi ya Katanga, na hadi leo migodi na nyumba hugombea umeme huohuo. Mgao unapofika mtaani, kinga pekee ya laptopu ni betri yake, na kwenye mashine za mitumba betri ndiyo hufa kwanza. Hapa pana jambo linalouma. Karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani miaka hii, madini yanayotiwa kwenye betri za namna hiyo, hutoka Kongo, nayo karibu yote ni ya mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Malori huibeba kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mwendo wa kilomita kama 90 kutoka Lubumbashi. Kwa mpaka huohuo huingia laptopu zilizokwisha kutumiwa kwingine, betri zake zikiwa hazina nguvu tena. Fundi anayejua mazingira yake humwuliza mteja umeme wa kwao hukatika saa ngapi kabla hajamrudishia mashine, na humpangia saa ya kusasisha kufuatana na jibu hilo. Microsoft hutoa masasisho yake ya kila mwezi Jumanne ya pili, desturi iliyoanza Oktoba 2003. Kwa saa za Lubumbashi hiyo ni saa 1 au saa 2 usiku, wakati kila nyumba imewasha kila kitu.

Kabla ya tiba, mali ya mteja kwanza. Msimu wa kutetea memware, yaani tasnifu ya kumalizia masomo, ukikaribia, wanafunzi hujaa vibandani, na mazungumzo huwa yaleyale.

"Yaya, memware yangu iko mule."

"Uliitia wapi, mudogo yangu? Ku Bureau ao mu Documents?"

Fundi hafuati shauku ya kuitengeneza Windows kwanza. Hugeuza laptopu, hufungua kifuniko cha chini, hulegeza skrubu ndogo zinazoshika diski, huivuta taratibu hadi meno yake ya kuunganishia yatoke sawasawa, kisha huiunganisha kwa kebo ya USB na kompyuta yake mwenyewe. Mahali ambapo diski haitoki kirahisi, huwasha mashine iliyo mgonjwa kwa flash yenye Linux, mfumo endeshi mwingine, ili Windows iliyokwama isiamke kabisa. Hunakili folda za mteja, kisha hufanya jambo ambalo wanaojifunza hulisahau: huifungua memware mbele ya mwenyewe, akashuka hadi ukurasa wa mwisho, amwonyeshe kwamba ni nzima. Nakala ambayo haijafunguliwa bado haiaminiki.

Uangalifu huu una sababu zake katika historia. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo la Windows 10 lililojulikana kwa namba 1809, na siku chache baadaye ikalisitisha kwa kuwa baadhi ya watu, baada ya kusasisha, walikuta faili zao zimefutika. Lilirudi tarehe 13 Novemba, limerekebishwa. Kampuni tajiri kuliko karibu zote duniani, yenye wahandisi kila kona, ilipoteza nyaraka za wateja wake kwa sasisho moja. Fundi wa Katuba anayesema "tunakili kwanza" yuko sahihi kabisa, na mteja anayenung'unika kwamba anacheleweshwa ndiye hajui.

Kuna mlango mmoja ambao hata fundi hodari haufungui. Kompyuta nyingi mpya hufunga diski nzima kwa BitLocker, na baada ya sasisho baya zinaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Masasisho ya Julai 2024 yaliwatokezea watu hivyo, wakakuta skrini ikidai ufunguo ambao hawakuwahi kuusikia. Mara nyingi ufunguo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeianzisha mashine. Ikiwa mashine ilianzishwa na mtu mwingine katika nchi nyingine, naye hapatikani, kilichomo kimekwisha kupotea. Fundi mwaminifu husema hivyo waziwazi na hachukui hela ya kujaribu.

Faili zikishakuwa salama, kusoma kunaanza, na hakuna sehemu ya kazi hii inayopendeza kuliko hii. Windows ikishindwa huacha namba zinazomtisha mteja, lakini kwa fundi ni barua. 0x80070070 inasema diski imejaa. 0xC1900101 inaelekeza kwenye draiva, na namba inayoifuata hueleza sasisho lilianguka katika hatua ipi: kabla ya kuwaka upya, katikati, au katika kuwaka kwa kwanza. 0x80072F8F mara nyingi humfanya fundi ageuzie macho pembe ya chini ya skrini, kwenye tarehe.

Kisa hiki cha tarehe ni kizuri kukitazama kwa karibu. Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi CR2032 ya volti 3, inayolinda saa mashine inapozimwa. Kwenye laptopu za miaka mingi betri hiyo huwa imekwisha, na kwa kuwa betri kubwa nayo ni mbovu, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka. Kompyuta ikiwaka inaamini kwamba ni Januari ya zamani. Inapowasiliana na seva za Microsoft huonyeshwa cheti cha usalama ambacho kwa kalenda yake bado hakijaanza kutumika, nayo hukikataa, kama ilivyofundishwa kukataa wadanganyifu. Sasisho halishuki, linajaribu tena, linakwama. Mteja amekwisha kuambiwa na jirani yake anunue diski mpya. Fundi huitoa ile betri ndogo, iliyovikwa plastiki nyeusi na kufungwa kwa nyaya mbili, hupachika nyingine ya bei ndogo, huweka tarehe ya leo, na mambo yanakwenda.

Wakati mwingine barua inasema kosa si la mteja wala la umeme. Tarehe 9 Januari 2024 lilitoka sasisho la Windows 10 lenye namba KB5034441, la kuziba tundu katika sehemu ya diski inayotumika kwa uokoaji. Lilihitaji megabaiti 250 wazi katika sehemu hiyo. Kompyuta nyingi hazikuwa nazo, kwa kuwa zilipangwa hivyo tangu mwanzo, na kila lilipojaribu lilianguka na kuandika 0x80070643, namba isiyogusia nafasi hata kidogo. Aliyetegemea kubonyeza "jaribu tena" angebonyeza hadi kesho. Aliyesoma alijua kwamba sehemu ile inatakiwa kupanuliwa kwa mkono, hatua kwa hatua, na akajua pia kwamba kuiacha kama ilivyo hakuzuii mashine kufanya kazi.

Tiba zenyewe zina mpangilio wake, kuanzia nyepesi kwenda nzito. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo hufungua yenyewe ukumbi wa uokoaji. Kutoka hapo fundi huweza kuondoa sasisho la mwisho, kuingia katika hali salama, au kuamuru orodha ya kazi zilizosubiri ifutwe. Mashine ikiwaka, husimamisha huduma ya masasisho na kushughulikia folda ya SoftwareDistribution, mahali vinapokaa vilivyopakuliwa. Angalia mkono wake hapo: haifuti folda, huibadilisha jina. Windows haiioni, inaunda nyingine safi na kuanza upya, na ile ya zamani ipo endapo atahitaji kurudi nyuma. Kisha hutumia amri za SFC na DISM, zinazokagua faili za mfumo na kubadilisha zilizoharibika. DISM hupenda kuvuta vipuri vyake kwenye intaneti, nayo intaneti ya Lubumbashi watu wengi huinunua kwa mega. Sasisho kubwa la gigabaiti kadhaa linaweza kumaliza forfait, yaani bando, ya mwezi na kukatikia njiani, na hiyo ni sababu nyingine ya kukwama. Fundi hupakua toleo kamili mara moja, usiku bando likiwa nafuu, hulibeba kwenye flash, na kuielekeza DISM ichukue vipuri humo. Mteja hatumii hata mega moja.

Wapo wanaoruka haya yote na kufomati. Diski inafutwa, Windows mpya inawekwa, mara nyingi isiyo halali, yenye kifunguo cha wizi ambacho nacho kitagombana na sasisho lijalo. Mteja analipa anaondoka. Kufomati kuna wakati wake, diski ikishaokolewa na mfumo ukiwa hauponi. Kuifanya njia hiyo jibu la kwanza ni uvivu, na mara nyingi ni dhuluma: picha za msiba, hesabu za duka na barua za kazi za miaka mitano zimepotea mji huu kwa sababu mtu hakutaka kungoja saa mbili.

Ombi jingine ambalo fundi hulikataa ni lile la "izime kabisa hiyo apdeti, isinisumbue tena." Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu fulani la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kilipitia tundu hilo na kufunga faili katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikiwemo. Walioweka kiraka kwa miezi miwili ile walilala usingizi.

Anayeidharau kazi hii ya mkono na akumbuke asubuhi ya tarehe 19 Julai 2024. Saa 12 asubuhi ilikuwa imepita kidogo kwa saa za Lubumbashi pale CrowdStrike, kampuni ya Marekani ya usalama wa kompyuta, ilipotuma sasisho dogo lenye kasoro. Liliondolewa baada ya dakika 78, lakini kwa hesabu ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeanguka kwenye skrini ya bluu, zikiwaka na kuanguka tena. Ndege zilibaki chini, benki na hospitali zikasimama. Dawa kuu ilikuwa hii: mtu aende mbele ya kompyuta, aiwashe katika hali salama, aingie kwenye folda ya draiva za CrowdStrike, afute faili ambayo jina lake linaanza na C-00000291, aiwashe tena. Kisha aende kwenye kompyuta inayofuata. Mashirika yenye mabilioni yalitafuta watu wanaojua kufanya hasa kile kinachofanywa kila siku kwenye meza za Kamalondo.

Ujuzi huu hupatikana kwa njia mbili zinazokutana. Wapo wanaotoka darasani, katika idara za UNILU au ESIS Salama, shule ya informatika ya Wasalesiani, wakijua kwa nini mfumo hufanya unavyofanya. Wapo waliokaa pembeni ya fundi mkubwa, wakishika tochi na kupanga skrubu kwa mfuatano zilivyotoka, hadi wakaachiwa mashine ya kwanza. Bora ni wale waliopitia kote kuwili, na wanatambulika kwa daftari: namba ya kosa, aina ya mashine, kilichojaribiwa, kilichofaulu.

Sasa madaftari hayo yana ukurasa mpya. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani imepangwa kuishia Oktoba 2026. Windows 11 inataka kijisanduku cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, karibu kila mara prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Laptopu nyingi za mitumba zilizoingia kwa Kasumbalesa ni za vizazi vya nyuma, nzima kwa kazi ya kuandika na kuhesabu. Kuna ujanja wa kuilazimisha Windows 11 iingie, na fundi anayeutumia anapaswa kumweleza mteja kwamba sasisho lijalo linaweza kukataa na mashine ikarudi mezani.

Baadhi wanaanza kupendekeza Linux Mint au Ubuntu. Huko nako umeme ukikatika katikati ya sasisho mambo husimama, ila ujumbe huwa mnyoofu: unaeleza kwamba kazi ilikatizwa na unataja amri ya kuandika, dpkg --configure -a, na kazi inaendelea pale ilipoachwa. Tatizo linabaki kwa mteja anayeuliza Word imekwenda wapi. Fundi humfungulia LibreOffice, humtafutia memware yake ileile, humwonyesha kwamba maelezo ya chini ya kurasa hayakuhama, kisha humwachia kiti, aandike aya moja na kuihifadhi mwenyewe kabla hawajazungumza bei.